Mali Bila Daftari: Mapambo ya Fedha ya Pwani na Deni la Wanafunzi wa Kiswahili

Muhula wangu wa kwanza chuoni ulilipiwa kwa kekee mbili. Sisemi hivi kwa kutafuta huruma ya msomaji, kwani karo ya wengi wetu hutokana na vitu vilivyopendwa: ng'ombe, kipande cha shamba, cherehani. Yangu, au sehemu yake, ilitoka mikononi mwa bibi yangu mzaa mama, mzaliwa wa Lamu, aliyezivaa kekee zile tangu siku ya harusi yake hadi asubuhi tulipozipeleka pamoja katika duka moja la vito mjini Mombasa. Mwenye duka aliziweka kwenye mizani. Zilikuwa na gramu 134. "Bi mkubwa," akasema kwa adabu, "hizi nitazinunua kwa uzani wake tu. Kazi yake haina soko." Bibi hakubishana. Aliuliza swali moja: zingefanywa nini? Akajibiwa kwamba zingeyeyushwa.

Njiani kurudi nyumbani ndipo aliponieleza zilikotoka. Babake alitoa reale 5 zilizokuwa zimelala sandukuni miaka mingi, akampelekea sonara, akaketi karakanani hadi kazi ilipokwisha ili fedha ya mwanawe isichanganywe na shaba. Ukingoni mwa kekee, alisema bibi, palikuwa na punje za mtama. Katikati palikuwa na waridi. Nilikuwa nimeziona nakshi hizo tangu utotoni, lakini sikuwahi kujua kuwa zina majina. Baadaye nilisoma kwamba reale moja ya aina ile ilikuwa na uzito wa takriban gramu 28. Reale 5 ni gramu 140. Gramu 6 zilizopungua ziliondoka na tupa ya sonara na kwa miaka mingi ya mikono iliyofua, iliyopika na iliyolea. Mizani ya dukani ilikuwa imethibitisha masimulizi ya bibi pasipo mwenye mizani kujua.

Makala haya yanatokana na safari ile. Hoja yangu ni moja, nami naiweka wazi mapema ili wasomi wenzangu waipime: nakshi za mapambo ya fedha ya pwani yetu zinapotea si kwa sababu fedha inayeyushwa tu, bali kwa sababu majina yake hayajaandikwa, na kazi ya kuyaandika ni yetu sisi wa Kiswahili kabla ya kuwa ya mtu mwingine yeyote. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ninakusudia kuonyesha kuwa daftari linalokosekana hapa ni la msamiati.

Maneno yanayokufa nusu

Niliporejea bewani niliwauliza baadhi ya wenzangu maswali machache. Kekee ni nini? Waliolijua neno walisema ni chombo cha seremala cha kutobolea mbao. Furungu je? Tunda kubwa la jamii ya michungwa. Kipini? Mpini mdogo, kama ule wa kisu. Jasi? Ile mali ghafi nyeupe ya kutengenezea dari. Hakuna aliyekosea. Majibu yote hayo yamo kamusini na yanafaa kupewa alama. Hata hivyo, kila mmoja alinipa nusu ya neno. Kekee ni bangili pana ya fedha. Furungu ni pambo la mguuni, aghalabu la fedha. Kipini ni pambo la puani. Jasi ni pambo la kuziba tundu kubwa lililotobolewa kwenye ncha ya chini ya sikio.

Tazama basi jinsi lugha inavyopoteza mali yake. Tumezoea kusema kwamba neno fulani limekufa, kana kwamba maneno hufa kama watu, yakazikwa na kusahauliwa. Maneno haya hayakufa. Yamo vinywani mwetu kila siku yakifanya kazi ya useremala, ya bustani na ya ujenzi. Kilichokufa ni ule upande wake uliovaliwa. Nawaachia wanasemantiki waamue ipi kati ya jozi hizi ni homonimia na ipi ni polisemia; mimi ninachotaka kukionyesha ni kwamba kifo cha namna hii hakitambuliki upesi. Neno likitoweka lote, huenda mtu akaliulizia. Likibaki nusu, hakuna anayeshuku kwamba kuna kilichoibwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni neno ndewe. Tangu shule ya msingi tumeandika katika insha zetu kwamba mhusika fulani alionywa lakini hakusikia ndewe wala sikio. Msemo huu umetupatia alama nyingi. Ni wangapi kati yetu tuliopata kuambiwa kwamba ndewe ni tundu la sikio la kutilia pambo? Jasi hukaa katika ndewe. Wanawake wa Lamu na visiwa jirani walitoboa masikio yao na kuyapanua taratibu, wakayatia majasi ya karatasi iliyokunjwakunjwa na kupambwa, na wenye uwezo wakatia ya fedha au dhahabu. Mtu asiyesikia ndewe wala sikio ni mtu ambaye sikio lake lote, sehemu ya kusikia na sehemu ya kupambwa, halimfai kitu. Tumeurithi msemo tukaiacha picha iliyoubeba.

Kamusi zetu zimeyahifadhi baadhi ya majina haya, nami nazishukuru. Ya Krapf iliyochapishwa mwaka 1882, ya Johnson ya mwaka 1939, ile ya Sacleux ya mwaka huo huo iliyojaa maneno ya lahaja, na baadaye Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, zote ni maghala ya kuheshimiwa. Lakini kamusi kwa desturi yake hutoa maelezo ya sentensi moja. Itakuambia kwamba kitu fulani ni pambo na huvaliwa mahali fulani. Haitakuambia kilifuliwaje, kilivaliwa siku gani, wala mistari iliyo juu yake ilikuwa na jina gani midomoni mwa wenyewe. Punje za mtama za bibi yangu hazimo katika kamusi yoyote kama jina la nakshi.

Safari ya fedha ndani ya lugha

Mwanafunzi akitaka kujua historia ya ufuaji fedha wa pwani na hana pesa za kwenda kuchimba magofu, na aanze na maneno yenyewe. Fedha ni neno lenye asili ya Kiarabu, nalo katika Kiswahili limebeba maana mbili zisizotengana: madini na pesa. Nakshi na hirizi pia ni za Kiarabu. Sonara linatokana na lugha za Bara Hindi, ambako lilimaanisha mfua dhahabu, na bangili nayo ni ya huko huko. Tinkali, ule unga unaosaidia viungo vya fedha kushikana motoni, ni neno lililosafiri na biashara ya Uajemi na Bara Hindi. Reale ilitujia kutoka kwa Wareno na Wahispania. Lakini kitenzi kinachotenda kazi yenyewe, kufua, ni cha Kibantu. Ndicho kitenzi kile kile tunachotumia kwa chuma, kwa nguo na kwa nazi.

Tahadhari inahitajika hapa. Asili ya neno si cheti cha kuzaliwa cha kitu. Kwamba sonara ni neno la Kihindi hakuthibitishi kwamba kila aliyefua fedha Lamu, Pate au Siyu alitoka Gujarat. Maneno husafiri yakaazimwa na watu waliokuwa wakiifanya kazi tangu zamani. Ushahidi wa akiolojia unatuhimiza tuwe waangalifu. Katika magofu ya Shanga, kisiwani Pate, uchimbuzi ulioongozwa na Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifukua sarafu ndogondogo za fedha zilizotengenezwa papo hapo pwani zaidi ya miaka elfu iliyopita. Kule Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 ilifukuliwa hazina yenye sarafu za fedha zaidi ya 2000, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani. Basi mikono iliyojua kuyeyusha, kupima na kupiga chapa fedha ilikuwapo hapa kabla ya Mreno wa kwanza kupita. Nao wanafunzi wa ushairi wajue jambo hili: katika sarafu za masultani wa Kilwa, maneno ya Kiarabu ya upande mmoja yaliandikwa yatoe kina na jina la mtawala lililo upande wa pili. Vina vilifuliwa katika madini.

Na reale zile 5 za babake bibi? Aghalabu reale iliyoyeyushwa na masonara wa pwani ilikuwa sarafu ya Austria yenye sura ya malkia Maria Theresa. Malkia huyo alifariki mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa chapa ikiwa na mwaka huo huo, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, wa Arabuni na wa Afrika Mashariki waliiamini kuliko nyingine. Sehemu 833 katika 1000 za sarafu hiyo zilikuwa fedha halisi. Sonara aliyeipokea alijua ubora wake bila kuhitaji maabara. Alichofanya ni kuifuta sura ya malkia wa mbali na kuweka waridi la jirani yake.

Kazi hiyo ilikuwa na hatua zake, na kila hatua ilikuwa na maneno yake. Fedha iliyeyushwa katika chungu kidogo juu ya makaa yanayopulizwa kwa mivuo, ikamiminwa katika kalibu, ikashikwa kwa koleo na kufuliwa juu ya fuawe. Iliyohitajika kuwa uzi ilivutwa kupitia matundu ya bamba la chuma, kutoka tundu kubwa hadi dogo, mpaka ikawa nyembamba ya kusokotwa. Vipande vidogo vya uzi huo, vikipashwa moto juu ya mkaa, hujiviringa vyenyewe vikawa punje. Punje hizo zilipangwa ukingoni na kulehemiwa kwa msaada wa tinkali. Kwa hiyo nakshi ya punje haikutungwa na mtu aliyeketi akafikiri juu ya alama. Fedha yenyewe hupenda kuwa punje inapoyeyuka, fundi akaiona, na mwanamke aliyekuwa akipepeta mtama akaipa jina.

Nakshi husema nini?

Hapa ndipo ninapotofautiana na maelezo mengi yanayosambazwa kuhusu sanaa za pwani. Msomaji aliyetembea Lamu au Mji Mkongwe wa Zanzibar huenda amesimamishwa mbele ya mlango wa nakshi na kuambiwa kwamba mnyororo ni ishara ya utumwa au ya usalama, samaki ni uzazi, mtende ni neema, na ua la majini ni maisha mapya. Orodha hiyo hiyo sasa imehamishiwa kwenye mapambo ya fedha. Kila umbo limepewa maana moja, na maana hiyo imefungwa kama kadi ya bei.

Sisemi kwamba orodha hiyo ni uongo wote. Nasema ni orodha isiyokuwa na mashahidi. Nani aliyesema hivyo, kwa lahaja gani, akiwa amevaa nini, siku ya shughuli gani? Mnyororo unaoweza kumaanisha utumwa na usalama kwa pamoja ni ishara iliyotoroka kutoka katika muktadha wake. Ferdinand de Saussure alitufundisha kwamba ishara hupata thamani yake kutokana na nafasi yake kati ya ishara nyingine, na Roland Barthes, katika kitabu chake cha mwaka 1967 kuhusu mitindo ya mavazi, akaonyesha kwamba vazi nalo husomeka kwa mfumo. Tunayajibu maswali kuhusu wataalamu hawa katika mitihani. Mbona tukifika kwenye mkono wa bibi zetu tunasahau kuuliza?

Tukiuliza tutaona kwamba maana ya pambo la fedha imo katika mambo kadhaa kabla haijafika kwenye nakshi. Kwanza ni mahali pa mwilini. Furungu la mguuni hulia mwenye nalo anapotembea, na kidani cha shingoni hakisikiki. Mwanamke aliyevaa furungu ametangazwa kabla hajaonekana. Pili ni tukio. Kekee ya harusi na kekee iliyonunuliwa mavunoni zinaweza kuwa na nakshi ile ile lakini si kekee moja. Tatu ni mali. Kwa kuwa fedha ilikuwa pambo na pesa kwa pamoja, mwanamke alivaa akiba yake mwenyewe, asiyehitaji ruhusa ya mume kuimiliki. Katika utenzi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate anamhimiza bintiye asikose pete vidoleni wala kidani shingoni. Tumezoea kuyasoma mafunzo hayo kama utiifu kwa mume peke yake. Naomba tuyasome pia kama maneno ya mama mgonjwa anayejua kwamba kilicho shingoni mwa binti ni chake.

Nne ni dini na mipaka yake. Mwanamume Mwislamu hakuruhusiwa dhahabu, lakini pete ya fedha aliruhusiwa, ndiyo maana pete ya fedha yenye akiki katika kidole cha mzee ilikuwa na heshima ambayo dhahabu haingeweza kumpa. Na hapa ipo hirizi. Watu wa Oman huiita hirz, Wasomali xirsi, nasi hirizi, na chanzo cha majina yote ni kulinda. Kijaluba cha fedha, cha duara kama mwanzi au cha pembe nne, hutiwa maandishi na kufungwa, kisha nje kikanakshiwa na kuning'inizwa vipuli. Wapo Waislamu wanaoikubali hirizi na wapo wanaoipinga vikali. Makala haya hayana mamlaka ya kuwaamulia. Ninachosema kwa wanafunzi wa fasihi ni kwamba hapa tuna matini iliyoandikwa ili isisomwe, iliyofunikwa kwa madini ili ivaliwe. Tumeandika sana kuhusu jina la leso kwa kuwa maneno yake yako nje. Je, maneno yakiwa ndani si yetu?

Tano, na tusilikwepe hili, ni tabaka. Fedha haikuvaliwa na kila mtu. Katika miji yetu ya kale pambo lilitenga muungwana na mtumwa waziwazi kama ukuta. Utumwa uliondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na watu walioachwa huru walijivika yale waliyokuwa wamenyimwa. Kwa hiyo waridi lile lile la fedha lingeweza kusema "nilizaliwa ndani" katika mkono mmoja na "nimetoka" katika mkono wa pili. Orodha ya watalii haiwezi kutupa maana hizo mbili. Simulizi za wavaaji zinaweza.

Pingamizi ninazozitarajia

Najua walimu wetu watukufu wataniuliza maswali, nami ningependa kuyajibu matatu.

La kwanza ni kwamba hii ni kazi ya makumbusho. Ni kweli makumbusho ya Lamu na ya Ngome ya Yesu yamehifadhi mengi ya sanaa za pwani, na bila juhudi hizo tungekuwa maskini zaidi. Lakini makumbusho huhifadhi kitu. Jina linakaa kinywani. Kekee iliyo ndani ya kabati la kioo haisemi kama ukingo wake ni punje za mtama, mbegu za papai au jina jingine tusilolijua. Mwanaakiolojia hakufunzwa kutofautisha Kiamu na Kipate na Kisiu. Sisi tumefunzwa.

La pili ni kwamba huku ni kulilia uzamani. Kwamba wasichana wa leo wanapenda dhahabu ya Dubai, na lugha haina budi kwenda na wavaaji wake. Nakubali nusu. Simwombi mtu yeyote avae furungu. Siku ya harusi yangu huenda nami nisilivae. Lakini kuacha kuvaa si sababu ya kuacha kujua. Hatuendeshi mitepe tena, ila hakuna mhadhiri atakayekubali tufute mtepe katika msamiati wetu.

La tatu ni zito zaidi: kwamba sanaa yenyewe imekwisha kugeuzwa bidhaa ya wageni na haina ukweli wa kuchunguza. Nalijibu kwa pete za Lamu. Mafundi wa mji huo wamejulikana kwa pete za fedha zilizopachikwa vigae vya vyombo vya kale vya kauri, ambavyo wimbi na mvua huvifichua katika fuo na magofu ya visiwa vile. Ndiyo, wanunuzi wengi ni watalii. Lakini tazama walichofanya mafundi hao. Kigae cha sahani iliyotoka China, kilichovunjika katika nyumba ya muungwana wa Pate, kimetiwa ukingo wa fedha na kuwa johari. Nakshi imezaliwa mbele ya macho yetu, na bila shaka ina msamiati wake wa karakanani: namna ya kuchagua kigae, kukisaga, kukikalisha. Ni nani kati yetu ameuandika? Tukingoja iwe ya kale ndipo tuiheshimu, tutaikuta imepoteza majina kama ile ya kwanza.

La kufanya

Malalamiko bila pendekezo ni kelele, nami sitaki kuwa mpiga kelele katika jarida hili. Napendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wa chama cha wanafunzi.

Kwanza, kila mwanachama anayetoka pwani, na kila asiyetoka pwani aliye na rafiki huko, alete pambo moja katika likizo ijayo. Si lenyewe, bali maelezo yake. Yaandikwe mambo saba: jina la pambo, mahali linapovaliwa, tukio, mbinu iliyotumika kulitengeneza, umbo la nakshi likichorwa kwa mkono, jina la nakshi hiyo kwa maneno ya mwenyewe, na lahaja ya msemaji. Asiyejua jina asibuniwe jina. Nafasi iliyoachwa wazi ina manufaa zaidi kuliko ishara ya kubahatisha.

Pili, mafundi waulizwe kuhusu zana na vitendo kabla ya kuulizwa kuhusu maana. Ukimwuliza fundi, "Nakshi hii inaashiria nini?" atakupa jibu analowapa wageni, kwa kuwa swali ni la wageni. Ukimwuliza, "Hii mnaiitaje, na unaianzia wapi?" atakujibu kwa lugha ya kazi yake.

Tatu, idara zetu zikubali tasnifu za namna hii. Kila mwaka tunaandika kuhusu matumizi ya lugha katika matangazo ya biashara na vibonzo vya magazetini. Ni mada halali. Lakini vibonzo vitakuwapo mwaka ujao, na bibi aliyevaa majasi hatakuwapo daima. Mtafiti mwenye busara huanza na chemchemi inayokauka.

Nne, tuichukue kazi hii kwa heshima ya wenye mali. Kenya iliridhia mwaka 2007 mkataba wa UNESCO wa kulinda urithi usiogusika, Katiba ya mwaka 2010 ikautaja utamaduni kuwa msingi wa taifa, na mwaka 2016 ikatungwa sheria ya kulinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni. Kwa hiyo fundi anayetupa msamiati wake si chungu la kuchotea. Aombwe ridhaa, atajwe akipenda kutajwa, na arudishiwe kilichoandikwa asome, au asomewe.

Tukifanya hivyo kwa miaka mitatu au minne tutakuwa na faharasa ndogo ya ufuaji fedha ambayo wanaleksikografia wanaweza kuitumia, walimu wa fasihi wakaisomeshea tenzi, na mafundi wenyewe wakawaonyesha wanagenzi wao. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Lugha iliyotunga methali hiyo ilikuwa na vyanda na ilikuwa na pete, na iliujua uhusiano wa viwili hivyo kwa kuvitazama.

Bibi yangu yu hai. Likizo iliyopita nilikaa naye mkekani na daftari, nikamwomba anichoree zile kekee. Mkono wake hauko imara tena, hivyo alinielekeza nami nikachora: ukingo, punje, mstari unaopinda, waridi katikati lenye petali nane. Nilipoweka petali sita alinisahihisha. Kisha nikamwuliza jina la ule mstari unaopinda kati ya punje na waridi. Alifikiri kwa muda mrefu. Alisema mamake alikuwa na jina lake, lakini yeye amelisahau.

Katika daftari langu pale nimeacha nafasi wazi. Inawezekana kwamba mwanamke mwingine huko Siyu, Faza au Matondoni analijua. Likizo ijayo, mwenzangu unayesoma makala haya, mwulize.